Bolti Aliyoifungua Delmar Vosika

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kujilaza, Delmar Vosika aliteremka peke yake hadi chumba cha chini, akarudisha mlango, akatoa bisibisi mfukoni na kuharibu kitu.

Hakuharibu sana. Skrubu ya bawaba aliilegeza mizunguko miwili, si zaidi. Waya wa taa aliuchomoa kwenye maungio yake bila kuukata. Birika kubwa la kahawa alilitoa mpira wa chini likawa linavuja tone moja kila nusu dakika. Alilipima kwa saa yake ya mkononi. Kisha alikaa, akafungua kidaftari na kuandika tarehe, kitu alichokigusa, alivyokigusa, na jina la mtu aliyetarajia angekitengeneza. Kesho yake, Alhamisi saa tatu asubuhi, wanaume walipoingia kunywa kahawa, alijikuna kisogo na kusema kwamba hiki kitu hajui kimepatwa na nini.

Na huyu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Alizunguka nusu ya Nebraska na gari la serikali lililojaa mawe ya chuma ya kupimia, kutoka ghala hadi ghala la mahindi, kuhakikisha mkulima hapunjwi hata kilo moja. Wenye maghala walimjua kama mtu asiyepokea hata kikombe cha kahawa kabla hajaupiga mzani muhuri. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na ujanja wote aliowakamata nao watu enzi zile ulikuwa umemwingia mikononi.

Mambo yalianza hivi. Pale Cottonwood Bend, makazi ya wastaafu walimohamia watu wa mashamba na miji midogo ya jirani, wanawake walikuwa na kundi la kushona mablanketi ya viraka, la karata, la kuimba, la mazoezi ya majini, na mengine ambayo Delmar hakuyajua majina. Wanaume walikuwa na televisheni. Bi Renae Pospisil, msimamizi wa shughuli, alibandika tangazo la kuwaalika waje kuzungumza yaliyo mioyoni mwao. Walikuja wawili. Mmoja alidhani ni mkutano kuhusu mabomba ya maji machafu, na alipoelezwa sivyo, aliomba kwa heshima aonyeshwe mlango. Wa pili alikuwa Delmar, aliyefiwa na mkewe miaka minne kabla, na aliyekwenda popote palipokuwa na kahawa.

Wiki ya tatu mguu wa meza ulivunjika. Ulivunjika wenyewe, hilo Delmar angeliapia. Alitoka hadi koridoni akauliza kama kuna mtu mwenye gundi ya mbao, na ndani ya dakika kumi wanaume wanne walikuwa wamepiga magoti kuuzunguka, wakibishana. Mmoja wao, Leland Bruhn, alikuwa amefundisha useremala sekondari maisha yake yote. Aliushika mguu ule kwa saa nzima gundi ikauke, na akiwa ameushika hivyo, macho yake kwenye mbao, alisema kwamba mwanawe hajampigia simu tangu Pasaka. Hakuna aliyemtazama. Mwingine, naye akiitazama gundi, alisema wake ni tangu Krismasi. Walikaa hadi chakula cha mchana.

Delmar aliporudi chumbani aliandika: *Wanaume husema wakiwa wameshika kitu.* Wiki iliyofuata hakuna kilichovunjika, na hakuja mtu. Basi wiki iliyofuata akachukua bisibisi.

Miaka miwili baadaye walikuwa kumi na mmoja, na kundi liliitwa Alhamisi tu. Mwenye mdomo wao alikuwa Virgil Sladek, zamani mnadi wa nguruwe, aliyezungumza kana kwamba bado kuna watu mia wanainua mikono mbele yake. Virgil ndiye aliyesema kwamba jengo lile lilijengwa na maadui wa wazee, maana hakuna wiki inayopita bila kitu kulegea. Delmar alijiongezea kahawa.

Mtu ambaye Delmar hakumpata alikuwa Orrin Tesch.

Orrin alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za upepo kwenye mashamba ya ng'ombe, zile zinazosimama juu ya mnara wa chuma na kuvutia mifugo maji kutoka chini. Katika ua wa Cottonwood Bend ilikuwapo moja, iliyohamishwa kutoka shamba fulani. Ilimwaga maji kwenye tangi la duara, bata bukini wakaja kunywa. Orrin na mkewe Arlys walichagua nyumba ambayo dirisha lake lilitazamana nayo, na Arlys alipenda kusema kwamba wengine hustaafu wakaangalia bahari, yeye ameletwa kuangalia kazi ya mumewe.

Arlys alifariki mwezi wa kumi. Wiki moja kabla, hospitalini, alimshika Delmar mkono wa shati. "Asikae tu, Delmar," alimwambia. "Akikaa ataganda kama grisi ya zamani." Delmar alimwahidi. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na hii ahadi aliiandika.

Tangu mazishi Orrin hakutoka. Chakula aliwekewa mlangoni. Delmar alimpelekea birika linalovuja. Orrin alilitazama kupitia upenyo wa mlango, akasema ni mpira, badilisha mpira, akafunga. Delmar alimpelekea habari ya bawaba ya kabati. Akaambiwa aite fundi. Mara ya tatu, kwa bawaba ileile, Orrin alifungua mlango wote, akasimama amevaa kandambili za manyoya, ndevu za siku kadhaa zimemjaa.

"Delmar," alisema, "mimi nilikuwa mtu wa pampu za upepo. Umeniona lini na kabati?"

Mwezi wa tatu ulipoanza, Bi Renae alimdokeza Delmar kwamba Lorna, binti wa pekee wa Orrin, angemhamishia baba yake kwake Denver mwisho wa mwezi. Kulikuwa na chumba kizuri chini ya nyumba, chenye choo chake. Orrin alipoambiwa alisema sawa. Delmar aliijua sawa ile. Yeye mwenyewe aliisema kwa kila mtu wiki aliyomzika mkewe, hata kwa aliyemuuliza rangi ya jeneza. Kule Denver Orrin hakuwa na mtu hata mmoja anayemjua zaidi ya Lorna, ambaye alishinda kazini. Angekaa tu.

Jumanne, baada ya kulifikiria jambo hilo usiku wa siku mbili, Delmar alichukua spana mbili, akavaa koti, akaenda uani. Pampu ilikuwa imetulia, hakukuwa na upepo. Kwenye usawa wa kifua chake, fito refu linalopanda na kushuka kutoka juu lilishikana na pampu ya chini kwa bolti moja. Aliifungua, akaipangusa, akaifunga katika leso na kuitia mfukoni. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: fito lingepanda na kushuka bure, maji yasingetoka, bata bukini wangepiga kelele, na Alhamisi angebisha kwa Orrin na kumwambia pampu imekauka. Aliandika: *Jumanne. Pampu ya upepo. Bolti moja. Orrin.*

Mtu aliyeishi kwa mizani alisahau kitu kimoja. Uzito wa yale maji ndio uliokuwa ukiizuia pampu isikimbie.

Jumatano mchana upepo ulikuja kutoka kaskazini-magharibi, ule wa mwezi wa tatu unaobeba chembe za barafu. Delmar alikuwa kwenye ukumbi wa chakula, mbele yake bakuli la maharage na nyama ya kusaga na mkate wa mdalasini pembeni, kama kila Jumatano. Alisikia kwanza mlio mwembamba, kisha mgongano wa chuma, na watu wakaanza kuacha vijiko. Dirishani, juu ya mnara, gurudumu lilikuwa likizunguka mpaka mapanga yake hayahesabiki. Fito lililokosa mshiko lilikuwa likiupiga mnara kama mtu anayetaka kutoka.

Halafu akamwona Orrin uani. Alikuwa na shati tu, na zile kandambili za manyoya. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye wenzo wa breki chini ya mnara, akaushika kwa mikono miwili na kuning'inia. Haukusogea, maana msimu uliopita hakuna aliyeutia grisi. Akaruka kidogo, mzee wa miaka themanini na mmoja, akauangukia kwa uzito wake wote. Mkia wa pampu ulijikunja, gurudumu likageuza ubavu wake kwenye upepo, likaanza kupungua. Mapanga mawili yalikuwa yamepinda. Orrin alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga barafu, na Delmar, ambaye kwa wakati huo alikuwa amefika mlangoni, alimwona akianguka juu ya mkono wake wa kushoto.

Usiku ule Delmar hakuandika kitu.

Alhamisi saa tatu watu wote kumi na mmoja walikuwapo, na kahawa ilikuwa tayari. Virgil alikuwa akisimulia kwa mara ya pili jinsi Orrin alivyourukia ule wenzo, na kwamba amewahi kuuza madume ya nguruwe yaliyokuwa na ujana kidogo kuliko huyo mzee. Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Bi Renae, na nyuma yake mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye taya la Orrin kabisa. Nyuma yao alikuja Orrin mwenyewe, mkono umefungwa plasta, koti la safari begani. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akatazama sakafu.

Lorna hakuja kugombana. Alikuwa ameondoka Denver saa kumi alfajiri, na sauti yake ilikuwa imechoka. Aliwashukuru wazee kwa kumkimbilia baba yake. Akasema anataka kujua kitu kimoja tu kwa walioona: alionekanaje? Maana mtu kutoka nje na kandambili katika upepo ule, kwa ajili ya pambo la bustani, si jambo la mtu mwenye akili zake zote. Daktari alimuuliza ni siku gani, ni mwezi gani, yuko wapi. Hakujibu hata swali moja. Kwa hiyo hangoji mwisho wa mwezi. Vitu vingine vitafuata baadaye. Baba anaondoka naye leo.

Leland alisema polepole kwamba, kweli, alionekana kama mtu asiyeona kitu kingine. Alisema hivyo kwa wema, na Delmar aliona jinsi neno lile lilivyoingia kwa Lorna na kukaa mahali pake. Orrin alikuwa bado anatazama sakafu.

Delmar aliweka kikombe chini. Alikuwa amesimama mbele ya majaji mara nyingi akieleza udanganyifu wa watu wengine, na hakuwahi kueleza wake. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Bolti iling'aa, alikuwa ameipangusa vizuri.

"Baba yako hana tatizo la akili," alimwambia Lorna. "Pampu niliiharibu mimi. Nilifungua hii Jumanne, makusudi. Yeye ndiye mtu pekee katika jengo hili aliyejua kinachotokea, na alikwenda kukizuia."

Lorna aliitazama bolti, kisha akamtazama yeye. Alimuuliza kwa nini, na Delmar akaeleza. Alieleza habari ya Arlys na mkono wa shati. Halafu, kwa kuwa alikwisha kuanza, akatoa kidaftari na kueleza yote, birika, taa, bawaba, meza. Alisoma tarehe moja moja kama alivyokuwa akisoma ripoti. Alipofika mwisho alikifunga.

"Hata redio?" aliuliza Virgil.

"Redio ilikufa yenyewe."

"Afadhali. Nilikuwa naanza kuwa na wasiwasi kwamba hata kifo cha mke wangu wa kwanza ni kazi yako."

Wawili watatu walicheka. Leland hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, mikono yake mikubwa ya seremala imelala juu ya magoti, viganja juu.

"Mguu wa meza," alisema. "Nimeutengeneza mara nne."

"Mara tatu zilikuwa zangu," Delmar alisema.

"Mara nne, Delmar. Nilifundisha watoto miaka thelathini na nane kuunga mguu wa meza. Ulipoachia mara ya tatu nilienda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nilidhani mikono imenitoka. Niligawa patasi zangu zote kwa mjukuu wangu."

Hilo Delmar hakuwa nalo katika kidaftari. Aliandika siku zote nani atatengeneza. Hakuandika hata siku moja mtu huyo atawaza nini kazi yake itakapoachia tena. Alisema samahani. Ilitoka ndogo, na Leland hakuipokea wala hakuikataa. Alisimama, akajimiminia kahawa, akarudi kukaa kiti kilekile, na kwa wakati ule hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Lorna naye alikuwa amepata sauti. Alimwambia Delmar kwamba baba yake angeweza kufa pale kwenye barafu. Delmar alisema ndiyo, angeweza. Alimwambia hafahamu mtu mzima anawezaje kufanya jambo kama hilo. Delmar alisema hata yeye, akilisikia likisemwa kwa sauti, halifahamu vizuri.

"Nilijua jana," alisema Orrin.

Wote waligeuka. Sauti ilikuwa ikikwaruza, kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Wakati wananibeba nilitazama pale bolti inapokaa. Ingevunjika, vipande vingekuwa chini. Ingelegea yenyewe, tundu lingekuwa limechubuka. Tundu lilikuwa safi. Imefunguliwa kwa spana ya saizi yake, na mtu asiye na haraka." Alimwangalia Delmar kwa mara ya kwanza. "Hapa mtu wa namna hiyo ni mmoja."

"Mbona hukusema, Baba?" Lorna aliuliza.

"Nilitaka kuona kama atasema mwenyewe."

"Na daktari? Kwa nini hukumjibu daktari?"

"Mkono umevunjika, mtu ananiuliza leo ni siku gani. Angeniuliza habari ya mkono ningemjibu."

Virgil alianza kusema kitu, Bi Renae akamgusa bega, akanyamaza. Lorna alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, akiwa hajavua koti. Alimwambia, sasa kwa sauti ya chini, kwamba alidhani anataka kuja. Alimuuliza mwezi wa kwanza, na yeye akasema sawa.

"Uliniuliza nataka kuhama lini," alisema Orrin. "Hukuniuliza kama nataka."

"Basi nakuuliza."

Delmar, aliyekuwa bado amesimama kama mshtakiwa, alijikuta anahesabu kimoyomoyo, kama alivyokuwa akihesabu hadi sindano ya mzani itulie.

"Ile pampu ina mapanga mawili yaliyopinda," Orrin alisema mwishowe, "na fito limekwenda upande, na sijui giaboksi imekunywa nini huko juu. Mama yako aliniambia mwezi wa tisa niitie grisi, nikasema kesho. Kuna watu kumi na mmoja hapa, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba huwezi kufungua ile bolti bila kuvuta breki kwanza. Nikiondoka wataua mtu." Akamtazama binti yake. "Sitaki kuja Denver, Lorna. Nitakuja kula Krismasi."

Lorna aliweka paji la uso kwenye goti la baba yake, akakaa hivyo. Waliokuwa na vikombe walivitazama vikombe vyao. Alipoinuka alisema atakubali hadi vuli, kisha watazungumza tena, na kwamba mzee Vosika asikanyage karibu na ule mnara. Delmar alisema hatakanyaga. Alitoa bisibisi mfukoni mwa koti, akamkabidhi Leland, pamoja na ufunguo wa sanduku la vifaa, akasema kundi litafute msimamizi mwingine.

Leland aliigeuza ile bisibisi mkononi, akaitazama ncha yake.

"Utapika kahawa wewe," alisema. "Ufunguo nitakaa nao mimi."

Wiki nzima Delmar hakulala vizuri. Hakuwa na hakika kama kuna mtu angekuja tena, sasa kwa kuwa hapakuwa na cha kutengeneza na kila mmoja alijua. Jumatano baada ya chakula alikaa chumbani kwake, mikono mitupu. Alhamisi saa mbili na nusu alipika kahawa, akaweka sahani ya vikate vya jamu ya plamu, akapanga vikombe kumi na viwili. Halafu akapanda ghorofani.

Mbele ya mlango wa Orrin alisimama muda. Alikuwa amegonga mlango huu mara tatu, na kila mara alikuja na habari ya kitu kilichoharibika. Aligonga.

Orrin alifungua. Alikuwa amenyoa, ingawa kwa mkono mmoja amebakiza vichaka viwili chini ya kidevu. Nyuma yake, dirishani, pampu ilikuwa imesimama na mkia wake umekunjwa, ikingoja hali ya hewa ya kupandia juu.

"Imeharibika nini?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Delmar. "Kahawa iko tayari. Nimekuja kukuita."

Orrin alimpima kwa macho, juu hadi chini, kama mtu anayetafuta mahali kilipofunguliwa. Kisha alitazama kandambili zake.

"Ngoja nivae viatu," alisema. "Na uje unifunge kamba, mkono huu haushiki."

Delmar aliingia, akapiga goti kwa shida. Kamba zilikuwa ndefu na zimesokotana. Alikuwa amemaliza kiatu cha kwanza na kuanza cha pili, macho yake kwenye fundo, wakati Orrin aliposema, juu ya kichwa chake, kwamba bado huwa anaamka usiku akatega sikio kama Arlys anapumua.

"Mimi ni mwaka wa sita," alisema Delmar. "Bado natega."

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole kama linashika, na kwa kuwa hakuweza kuinuka peke yake, alishika mkono mzima wa Orrin.